Ukuta wa Kaskazini wa Selhóll

Kila asubuhi Álfdís alianza na majivu. Aliyachota mekoni kwa koleo, akayatia ndooni, akabakiza makaa mawili matatu yaliyokuwa yamehifadhiwa chini ya jivu, kisha akapiga magoti na kuyapulizia taratibu mpaka yakaanza kuiva rangi. Yalipoiva aliweka magome ya mti wa mbetula, halafu vijiti, halafu kuni. Nyumba ndefu ya Selhóll haikuwa na dirisha hata moja, na moto huo ndio uliokuwa taa yake, jiko lake na salamu ya kwanza kwa wageni. Hii ilikuwa Mei ya sita Álfdís akiifanya kazi hiyo, amevaa gauni la sufu alilolifuma mwenyewe, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba katika siku nzima aliipenda zaidi ile robo saa ya kuwa peke yake na makaa.

Siku hiyo alikuwa bado anapuliza alipokiona kivuli chake sakafuni, mbele yake, kirefu. Akaacha kupuliza. Moto ulikuwa haujawaka bado, na mlango ulikuwa upande wa kusini. Aligeuka. Juu kabisa, pale ukuta wa kaskazini unapokutana na paa, palikuwa pamefunguka mwanya wa upana wa kiganja, na mwanga wa ghuba ulikuwa unaingia bila kubisha hodi.

Halafu ukuta ukashusha pumzi. Ndivyo alivyokuja kusimulia baadaye, kwamba ulishusha pumzi kama ng'ombe anayejilaza, ukatokeza tumbo kwa nje, ukaenda chini polepole, hatua sita nzima za ukuta wenye unene wa mtu aliyelala chali. Haukupiga kelele. Udongo mweusi ulitimka, makaa yakafunikwa, na kulipotulia Álfdís alikuwa bado amepiga magoti, koleo mkononi, akitazamana na kondoo wawili waliosimama nje mahali ambapo tangu aijue nyumba hiyo palikuwa ukuta.

Paa halikushuka. Paa la nyumba za namna hii hubebwa na nguzo za ndani, wala haliegemei ukuta. Álfdís aliinua macho akazihesabu nguzo moja moja, zote kumi na mbili, na ndipo alipoliweka koleo chini.

Wa kwanza kufika alikuwa Sölvi, jirani mwenye kondoo, aliyekuja na trekta kuwafuata wanyama wake akakuta habari kubwa kuliko kondoo. Alishuka, akaweka mikono kiunoni, akaangalia lile pengo kwa muda mrefu.

"Miaka yote wageni wanalalamika humu hamna dirisha," alisema. "Sasa mmewapa, tena la kuangalia bahari. Tieni kioo, iwe hoteli."

Álfdís alimkodolea macho.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Basi usinitazame hivyo. Udongo umerudi chini tu, ndiko kwao."

Hallbera alikuja kabla ya saa nne na mhandisi wa halmashauri kwenye simu. Hallbera ndiye mkurugenzi wa makumbusho ya Selhóll, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya mtu aliyekulia kwenye mashua ya baba yake. Alimkumbatia Álfdís kwanza, akamkung'uta udongo mabegani, ndipo akaanza kazi. Alipima pengo kwa hatua. Alifunga utepe mwekundu. Alipiga picha. Alizungumza kwenye simu, akasikiliza, akaitikia mara nne, kisha akaiweka mfukoni.

"Haya, sikilizeni. Tunafungua msimu tarehe moja Juni, hilo halibadiliki, shule nne zimeshajiandikisha. Mhandisi anasema tupandishe ukuta wa matofali ya saruji katikati, halafu kwa nje na kwa ndani tuvike nyasi. Kazi ya siku moja tukiwa wengi."

"Saruji," alisema Sölvi.

"Utaona kwa macho? Hata wewe hutaona. Mgeni hataona. Itakuwa salama, na itakuwa nzuri."

Nyumba ya Selhóll ilijengwa miaka thelathini nyuma kwa kufuata, kipimo kwa kipimo, mabaki ya nyumba halisi ya walowezi wa kwanza wa nchi hii yaliyofukuliwa pale juu kidogo, karibu na kijito. Haina msumari wa dukani. Mbao zake zimechongwa kwa shoka, kuta zake ni matofali yaliyokatwa kinamasini pamoja na nyasi zake na mizizi yake. Kila msimu Álfdís huwaambia watoto waweke viganja vyao ukutani na wafumbe macho, kisha huwaambia: hivi ndivyo ukuta ulivyokuwa mkononi mwa mtoto wa hapa miaka elfu moja na mia moja iliyopita. Alijiuliza atasema nini viganja vikiwa juu ya ngozi ya nyasi iliyobandikwa kwenye saruji. Maneno yalipanda mpaka mdomoni. Akahisi shingo inapata moto, kama kawaida yake, mabaka mekundu yakipanda kutoka kolani.

"Unasemaje, Álfdís wangu?" Hallbera aliuliza.

"Sawa," alisema Álfdís.

Alasiri hiyo alivua gauni la sufu, akavaa buti za mpira na sweta kuukuu, akaanza kuondoa kifusi kwa sepetu. Hakuna aliyemtuma. Alijua tu kwamba akienda nyumbani atakaa anaisikia ile "sawa" yake masikioni.

Kifusi husema mambo ukikiondoa taratibu. Kwenye sehemu za ukuta zilizobaki zimesimama, kushoto na kulia kwa pengo, aliona vizuri namna ulivyojengwa: mstari wa matofali ya nyasi uso wa nje, mstari mwingine uso wa ndani, udongo umejazwa katikati, na juu ya kila mistari miwili mikanda mirefu ya nyasi, mirefu kama kimo cha mtu, imelazwa kuvuka kutoka uso mmoja hadi wa pili, kuzishika nyuso hizo zisiachane. Kila mahali mikanda ilikuwepo. Katika pengo, haikuwepo. Alichimba mpaka chini kwenye mawe ya msingi. Hatua sita, hakuna mkanda hata mmoja. Nyuso mbili zilikuwa zimesimama kila moja kivyake kwa miaka thelathini, maji ya mvua yakishuka katikati yao, yakijaza udongo, yakiusukuma.

Alikaa chini juu ya kifusi. Ukuta huo ulijengwa na babu yake.

Eyvindur alikuwa na umri wa miaka themanini na moja, na nyonga moja ya chuma. Aliishi peke yake karibu na kanisa, katika nyumba ya saruji iliyopakwa rangi nyeupe, safi mpaka unaogopa kukaa. Álfdís alimkuta mezani anapigapiga samaki mkavu kwa nyundo ili alainike, redio ikisoma hali ya hewa ya baharini. Hakupunguza sauti ya redio. Alimsogezea siagi.

"Nimesikia ukuta umeanguka," alisema.

"Upande wa kaskazini, babu. Hatua sita."

"Sita," alirudia, kama mtu anayekubaliana na kipimo.

"Nimeondoa kifusi. Mikanda haipo. Kwingine ipo, hapo haipo." Alitafuna kipande cha samaki ili apate muda. "Sisemi kwamba ulikosea."

"Ila?"

"Ila haipo."

Eyvindur alipaka siagi juu ya samaki wake, akaisambaza mpaka kwenye kingo, bila haraka. "Ndivyo ilivyochorwa."

"Imechorwa na nani?"

"Si wewe uliyekaa chuo miaka minne? Michoro iko kwenye kabati la makumbusho. Soma."

Hakusema zaidi. Alipoondoka, alimpa mfuko wa samaki uliobaki, kama anavyofanya siku zote, na kama siku zote akaufunga mafundo mawili kana kwamba anakwenda safari ya mbali.

Michoro ilikuwa kwenye sanduku la bati, imekunjwa, ina harufu ya karatasi ya zamani. Profesa aliyeongoza ufukuaji alishafariki, lakini mkono wake ulikuwa bado hai: mistari myembamba ya penseli, kila tofali la nyasi limechorwa, kila utepe wa majivu ya volkano uliolala udongoni umetiwa rangi yake. Álfdís aliutandaza mchoro wa ukuta wa kaskazini sakafuni, akalala kifudifudi juu ya sweta lake ili ausome kwa karibu.

Ilimchukua karibu saa nzima kuamini. Katika nyumba ya kale, mahali pale pale, kati ya nguzo ya nne na ya sita, profesa hakuona mikanda. Akaandika pembeni: hapa hakuna mikanda. Na wajenzi wa miaka thelathini iliyopita, watu waaminifu, walioapa kutoongeza kitu ambacho ardhi haikuwaonyesha, wakajenga hatua sita bila mikanda. Lakini mchoro huo huo ulionyesha jambo jingine, ambalo mtu asiyewahi kusimama juu ya kifusi asingelitambua. Matofali ya uso wa nje yalikuwa yamelala kwa kuinama, yametawanyika chini ya mteremko. Aliijua picha ile. Alikuwa ametoka kuichota kwa sepetu.

Fundi wa kale aliisahau mikanda, au aliona uvivu, au alikuwa na haraka ya majira ya baridi. Ukuta wake ukaanguka. Nao watu wa siku hizi walilinakili kosa lake kwa heshima kubwa sana, kipimo kwa kipimo, mpaka ukuta wao nao ukaanguka mahali pale pale.

Álfdís alicheka peke yake, kifudifudi, mpaka machozi yakadondokea sakafuni na ikabidi auondoe mchoro.

Kisha akafungua karatasi iliyofuata. Ilikuwa imeandikwa "matengenezo ya baadaye", na haikutumiwa na mtu yeyote, kwa sababu nyumba ilijengwa kuonyesha mwaka wake wa kwanza. Pale kati ya nguzo ya nne na ya sita kulikuwa na ukuta wa pili juu ya kifusi cha ule wa kwanza. Mawe ya msingi yaliongezwa. Matofali yalikatwa makubwa, yamelazwa kwa kuegemeana kama mifupa ya samaki. Na mikanda: mkanda juu ya kila mstari, kila mmoja, mpaka juu. Mtu fulani aliyekuwa amesimama mahali ambapo Álfdís alisimama asubuhi ile, bila shaka na moto umezimika na watoto wanasikia baridi, alikata shauri kwamba mara hii utajengwa sawasawa. Na ulisimama. Profesa aliandika kwa penseli: ulidumu yapata miaka mia moja.

Kesho yake asubuhi Hallbera alikuwa ameitisha kikao jikoni mwa makumbusho. Mhandisi alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya kahawa. Sölvi alikuwepo kwa sababu trekta lake ndilo litakalobeba matofali, na kwa sababu palikuwa na maandazi. Matofali ya saruji yenyewe yalikuwa yameshaletwa uani, yamepangwa na kufungwa kwa nailoni.

Álfdís alisubiri mpaka kila mtu amalize. Shingo ilikuwa inawaka. Alitandaza michoro miwili katikati ya vikombe.

"Nina neno," alisema, na wote wakageuka, kwa sababu halikuwa jambo la kawaida. "Ukuta haukuanguka kwa sababu ni wa nyasi. Umeanguka kwa sababu tulinakili kosa."

Alieleza. Mwanzoni aliieleza meza, baadaye alimweleza Hallbera. Alipofika kwenye "hapa hakuna mikanda" Sölvi aliweka andazi chini.

"Ngoja kidogo. Yaani kuna jamaa alizembea kazi miaka elfu iliyopita, na ninyi mkakaa na rula mkaupima uzembe wake?"

"Kwa uangalifu sana," alisema Álfdís.

Sölvi alicheka mpaka akakohoa. Hata simu ilicheka. Hallbera hakucheka, alikuwa ameinamia mchoro wa pili, kidole chake kinafuata ile mifupa ya samaki.

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Watu wa kale wenyewe walishautengeneza. Huu hapa. Tukiujenga hivi hatujadanganya chochote. Tukiweka saruji tutakuwa tunawaambia watoto kwamba wazee wetu hawakuweza, na waliweza."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuzisema jikoni humo. Alikunywa maji.

"Na nani ataujenga?" Hallbera aliuliza, kwa upole. "Waliojua wamekwisha. Eyvindur ana nyonga ya chuma."

"Mimi."

"Umewahi?"

"Hapana."

Hallbera alitazama nje dirishani, kwenye matofali uani, kisha kwenye kalenda. "Alhamisi ya tarehe thelathini, saa sita mchana. Mhandisi atakuja kuupima. Ukuta ukiwa umefika kwenye paa na hautikisiki, ni wako. La sivyo, Ijumaa asubuhi tunaanza kupanga saruji, na sitaki mtu aninunie. Unanielewa?"

"Nitanuna," alisema Álfdís. "Lakini kimoyomoyo."

Alikuwa na siku kumi na mbili.

Siku ya kwanza alikata matofali arobaini kwenye kinamasi cha Sölvi, na kufika jioni yalikuwa yamevunjika thelathini na matatu. Siku ya pili alikata karibu na kijito, yakatoka mazuri, ya mraba, lakini alipoyapanga yalibonyea kama maziwa mgando. Sölvi, aliyekuwa akiyasomba kwa trekta, alishika moja, likagawanyika vipande viwili mikononi mwake.

"Hili ni keki," alisema. "Tuliwekee jamu ya rubabu tule."

Asubuhi ya siku ya tatu Eyvindur alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya kinamasi, fimbo kati ya magoti. Hakuna aliyemwona akija. Álfdís alimsalimu, akaitikia kwa kidevu. Alikata tofali, akaliinua. Eyvindur aliligusa kwa ncha ya fimbo.

"Tupa."

Akakata jingine.

"Tupa."

"Babu, hili lina kasoro gani?"

"Umekata penye nyasi laini. Angalia kule, penye majani magumu yenye makali, yanayokata kidole. Chini yake mizizi imefumwa kama sufu. Na usikate kama unakata mkate. Inamisha kisu, upande mmoja uwe mnene, mwingine mwembamba, ndipo yataegemeana."

Alikwenda kule. Majani yalimkata kidole. Lakini kisu kiliingia na sauti tofauti, ya kukwaruza, na tofali lilipotoka lilikuwa zito na zima. Alilishika ncha moja akaliacha lining'inie. Halikukatika. Aliupeleka ushahidi huo mbele ya ndoo, matope mpaka kwenye viwiko.

Eyvindur alilitazama. "Hilo," alisema.

Maisha yake yote Álfdís hakuwahi kusifiwa na babu yake zaidi ya hapo, na alifanya kazi mpaka saa ya kula bila kuhisi mgongo.

Kuanzia siku hiyo Eyvindur alikuja kila asubuhi. Sölvi alimfuata na trekta, akimpandisha kama gunia la viazi huku wakitukanana. "Shikilia, Eyvindur wangu, chuma chako kisije kikapata kutu." "Wewe endesha. Baba yako naye alikuwa anaongea sana, na nyasi zake alizikausha mvuani." Alikaa juu ya ndoo yake chini ya ukuta na kuongoza kwa fimbo. Tofali hili geuza. Hapo jaza udongo mkavu, si huo. Mkanda mrefu zaidi. Majani yatazame chini. Sasa panda juu ukanyage.

Álfdís alipanda akakanyaga.

"Vua buti."

"Babu, ni nyuzi joto nne."

"Ukiwa na buti utajuaje palipo na shimo? Mama alikuwa anatembea pekupeku juu yake, huku na huku, mpaka unyayo useme..."

Fimbo ilibaki imeelekezwa hewani, kisha ikashuka. Álfdís alikuwa tayari amevua buti moja.

"Mama yako alijenga kuta?"

"Udongo unakauka," alisema Eyvindur. "Kanyaga."

Alikanyaga. Baridi ilipanda mpaka magotini, na chini ya kisigino cha kushoto, kweli, palikuwa na shimo, pabonyevu kama utosi wa mtoto mchanga. Alipajaza. Alitaka kuuliza tena. Katika familia yao ilifahamika kwamba Eyvindur alijifunza kujenga kwa profesa, kwenye mafunzo ya wiki tatu, akiwa mtu mzima wa miaka hamsini na moja. Hivyo ndivyo alivyomwambia kila mgeni, kila mwandishi wa gazeti, na hata binti yake mwenyewe, Sigrún, mama yake Álfdís. Kuhusu utoto wake katika ghuba ya jirani hakusema kitu, na watu waliheshimu hivyo, kama unavyoheshimu mlango uliofungwa.

Siku mbili ilinyesha mvua iliyolazwa na upepo. Waliufunika ukuta kwa turubai, Álfdís akakaa chini yake akichonga kingo za matofali. Siku ya tisa walifika kifuani. Siku ya kumi watu walianza kuja wenyewe, bila kuitwa: mwalimu wa kuogelea, mke wa Sölvi, wavuvi wawili waliozuiwa na upepo kwenda baharini, wakipokezana matofali kutoka kwenye trekta hadi ukutani. Hallbera alikuja na sufuria la supu ya kondoo na hakuyatazama matofali ya saruji hata mara moja, ingawa ilimbidi ayazunguke kupita.

Álfdís alishangaa kuona kwamba anatoa amri. "Hilo limelala vibaya, geuza." "Mkanda, nipeni mkanda." Mvuvi mwenye ndevu alimwita bosi, na shingo yake haikuwaka. Hakupata nafasi ya kuliwaza hilo, kwa kuwa tofali lililofuata lilikuwa tayari mikononi mwake.

Alhamisi, saa nne na nusu, alilaza mkanda wa mwisho chini ya boriti ya paa, akausukuma kwa ngumi mpaka ukakaza. Ndani ya nyumba giza lilirudi mahali pake.

Mhandisi alikuwa kijana mwenye koti la manjano. Aliusukuma ukuta kwa bega. Aliupima wima wake. Alimwomba Sölvi arudishe trekta nyuma mpaka liuguse ukuta na kuusukuma taratibu, na Sölvi, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha, alifanya hivyo kwa mguu mwepesi kama anakanyaga mayai. Ukuta haukwenda popote. Matairi ndiyo yaliyoteleza kwenye matope.

"Kusema kweli," alisema mhandisi, "ningependa zile kuta nyingine nazo ziwe hivi."

Watu walipiga makofi. Hallbera alimshika Álfdís usoni kwa mikono miwili, akambusu kwenye paji lenye matope, kisha akamgeukia Sölvi: "Yale matofali yangu uani yachukue. Nenda kajenge banda la kuku." Na Sölvi akasema kuku wake watakuwa na nyumba bora kuliko ya kasisi.

Álfdís alikuwa ameegemea ukuta kwa mgongo. Ulikuwa baridi, unanuka kinamasi, na uzito wake ulimjibu mgongoni kama kitu hai. Aliwaza kuhusu yule mtu wa pili, yule wa mifupa ya samaki, na kwa mara ya kwanza hakumuwaza kama mtu wa kwenye mchoro.

Hallbera alikuwa ametoa daftari. "Kabla hamjatawanyika. Nataka kibao hapa kabla ya Jumamosi. Ukuta wa kaskazini, umejengwa na Álfdís binti Sigrún pamoja na majirani, kwa kufuata matengenezo ya kale. Na kwa maelekezo ya Eyvindur, aliyejifunza kwa..." Aliandika huku akisema. "Profesa, si ndiyo? Yale mafunzo."

Eyvindur alikuwa juu ya ndoo yake. Kila mtu alidhani ataitikia kwa kidevu. Alijikongoja akasimama, fimbo inazama kwenye matope, na Álfdís akamfuata kumshika mkono, naye kwa mara hiyo akakubali kushikwa.

"Profesa alikuwa mtu mwema," alisema. "Lakini siku ile tunaujenga nilijua utaanguka."

Hallbera aliacha kuandika.

"Miaka thelathini," alisema Sölvi, "umekaa na neno hilo mdomoni?"

"Nyamaza, Sölvi. Ukinikatiza sitamaliza." Aliweka kiganja ukutani, kwenye uso wa nje, palipokuwa bado na unyevu. "Ningemwambia profesa mikanda ni lazima, angeniuliza nimejuaje. Ningesema nini? Shuleni walikuwa wanaziba pua wakituona, mimi na dada zangu. Walituita watoto wa shimoni. Basi nikajenga walivyochora, nikanyamaza."

Upepo ulipiga turubai.

"Futa profesa," alimwambia Hallbera. "Andika Steinvör binti Bjarni. Ni mama yangu. Nilizaliwa ndani ya nyumba ya nyasi, nikalelewa humo, na kila masika yeye ndiye aliyezitengeneza kuta, pekupeku, mimi nikimshikia mikanda. Nilipofika miaka ishirini nilikodi tingatinga nikaibomoa kwa nusu saa, yeye amesimama na ndoo ya maziwa anatazama. Nikamwambia, mama, sasa na sisi tutakuwa watu."

Alimtazama Álfdís, ambaye miguu yake ilikuwa bado haina buti, myeusi kwa udongo mpaka kwenye vifundo.

"Nilitakiwa kumwambia kwamba tulikuwa watu tangu humo ndani," alisema Eyvindur. "Na kwamba sijaona nyumba yenye joto kama ile."